Chakula cha Wakimbiaji: Je, Msichana Ale kama Mvulana?

Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika hapa shuleni mwaka huu, zilichangwa fedha za kununulia chakula cha ziada kwa wakimbiaji wetu wa masafa marefu. Ni jambo jema, na wapishi wamekwisha kushukuru kuliko hata wakimbiaji wenyewe. Walakini baada ya mkutano Mhariri alipata barua mbili. Ya kwanza yasema kwamba wasichana wapewe nusu ya kipimo cha wavulana, kwa kuwa miili yao ni midogo. Ya pili yasema wote wapewe chakula kile kile kwa kipimo kile kile, maana mbio ni mbio. Mhariri amenipa barua zote mbili, mimi mwalimu wa elimu ya viumbe na mwangalizi wa timu, akaniomba nizijibu katika kurasa za Kiswahili. Nimekubali. Namwomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu jambo hili haliamuliwi kwa maneno matupu.

Kwanza yafaa tujue kwa nini watu wazima na wenye elimu wanaweza kubishana juu ya sahani ya msichana. Sababu ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kupima. Wanaume walikimbia marathoni katika Olimpiki tangu Athens mwaka 1896. Wanawake walipokimbia mita 800 huko Amsterdam mwaka 1928, wakubwa wa michezo walisema mbio zile zawazidi nguvu, zikaondolewa, zisirudi mpaka Rome mwaka 1960. Marathoni ya wanawake haikuingia katika Olimpiki mpaka Los Angeles mwaka 1984. Basi wataalamu waliotaka kujua mkimbiaji ale nini waliwapima wanaume, wakaandika vitabu, na wanawake wakaambiwa wafuate vitabu vile vile kwa kupunguza kidogo.

Hata karibu na kwetu ni hivyo hivyo. Mwaka 2004 ulitolewa uchunguzi juu ya chakula cha wakimbiaji hodari wa Kenya. Wachunguzi walikaa nao kambini wakipima kila kitu kilichoingia kinywani, wakaona kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu za chakula chao ilitoka katika wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari nyingi iliyotiwa katika chai ya maziwa. Kila mtu alipata kiasi cha gramu 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Ni kazi nzuri, nami naifundisha kila mwaka. Lakini wakimbiaji wale walikuwa kumi, na wote kumi walikuwa wanaume.

Nasi hapa Uganda tusijione tumechelewa. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki huko London mwaka 2012, na kila mvulana wa mlima huu alilijua jina lake siku ile ile. Mwaka 2021 huko Tokyo, Peruth Chemutai alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, na mwaka 2024 huko Paris akaongeza fedha. Wasichana wetu wanapanda njia zile zile za Elgon. Haifai wapande kwa chakula cha kubahatisha.

Sasa tuingie katika mambo yenyewe. Mwili wa mkimbiaji huchoma vitu viwili hasa, wanga na mafuta. Wanga huwekwa katika misuli na katika ini kwa namna iitwayo glaikojeni. Akiba hii ni ndogo. Mtu akienda kwa kasi kubwa humwishia baada ya saa moja na nusu au mbili hivi, na hapo ndipo miguu huwa kama magogo. Mafuta ni ghala kubwa hata kwa mtu mwembamba, ila mlango wa ghala hilo ni mwembamba, hayatoki upesi.

Mwaka 1990 wataalamu wa chuo kikuu cha McMaster huko Kanada waliwachukua wanaume na wanawake waliolingana kwa mazoezi, wakawakimbiza kilomita 15.5. Waliona kwamba kwa mwendo uliolingana na uwezo wa kila mmoja, wanawake walichoma mafuta zaidi na wanga kidogo kuliko wanaume. Misuli yao ilitunza glaikojeni. Tena protini yao haikuharibika kama ya wanaume. Jambo hili limerudiwa mara nyingi tangu hapo, na sababu yake kubwa ni homoni ya kike iitwayo estrojeni. Tunajua hivyo kwa kuwa wanaume walipopewa homoni hiyo kwa siku chache, nao walianza kuchoma mafuta zaidi na wanga kidogo. Wavulana wasicheke, wale walijitolea kwa faida ya elimu.

Mwandishi wa barua ya kwanza pengine atarukia hapo: ikiwa mwanamke hutunza wanga, basi apewe wanga kidogo! La, bwana, subiri. Hapa ndipo penye somo lenyewe.

Mkimbiaji wa marathoni hujaza ghala lake kabla ya mashindano kwa kula wanga mwingi siku mbili au tatu za mwisho na kupunguza mazoezi. Mwaka 1995 wataalamu wale wale wa Kanada walijaribu njia hiyo kwa wanaume na wanawake. Waliwaambia wote wapandishe wanga mpaka robo tatu ya nguvu za chakula chao chote, kwa siku nne. Glaikojeni ya wanaume ilipanda kwa asilimia 41. Ya wanawake haikupanda. Habari hii ilienea, na wakufunzi wengi wakahukumu kwamba mwili wa mwanamke haukubali kujazwa, ndiyo mambo yamekwisha.

Lakini chukua kalamu. Tuseme mvulana ana kilo 60 na hula kalori 3,200 kwa siku. Robo tatu yake ni 2,400. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, kwa hiyo amekula gramu 600, yaani gramu 10 kwa kila kilo ya mwili. Sasa msichana ana kilo 50, naye hula kalori 2,000. Robo tatu ni 1,500, nazo ni gramu 375 za wanga, yaani gramu 7 na nusu tu kwa kila kilo. Wote wawili wametii amri ile ile ya robo tatu, lakini mmoja amejaza debe na mwenzake hakufika mdomoni. Ili msichana huyu afike gramu 10 kwa kilo anahitaji gramu 500 za wanga, na gramu 500 ni kalori 2,000. Chakula chake chote cha siku kingekuwa wanga mtupu, pasiwe na maharagwe wala tone la mafuta! Haiwezekani, isipokuwa aongezewe chakula chenyewe.

Ndivyo walivyofanya katika majaribio ya mwaka 2001. Wanawake walipoongezewa chakula chote pamoja na wanga, glaikojeni yao ilipanda. Wachunguzi wengine, mwaka huo huo, waliwapa wanawake na wanaume wanga sawa kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, wakaona kwamba akiba yao ilijaa sawasawa. Basi kosa lilikuwa katika kipimo. Ndiyo maana siwapendi wanaosema asilimia hii na asilimia ile pasipo kutaja ni ya nini. Mkufunzi apime gramu kwa kilo ya mwili, na siku za kujaza msichana apewe sahani kubwa kuliko yake ya kila siku, akitaka asitake. Unga wa mahindi una karibu gramu 75 za wanga katika kila gramu 100, kwa hiyo posho peke yake itamchosha kabla hajafika. Achanganye na wali, ndizi, uji wa sukari, na mkate.

Neno dogo kwa wavulana wa mbio za nyika. Kujaza huku ni kwa mbio zinazopita dakika 90. Kula mlima wa posho usiku kwa ajili ya kilomita 8 za asubuhi ni ulafi tu, hakuna elimu ndani yake.

Na njiani je? Hapo mwanamke na mwanamume ni sawa kabisa, jambo lililowashangaza wengi. Katika mbio za saa moja hadi mbili na nusu kila mmoja aweza kutumia gramu 30 mpaka 60 za sukari kwa saa, awe mkubwa au mdogo, kwa kuwa kinachozuia ni utumbo, si ukubwa wa misuli. Vijiko 15 vya chai vya sukari, visiwe vya kilima, katika lita moja ya maji na chumvi kidogo, ni kama gramu 60. Vinywaji vya dukani havina siri kubwa kuliko hiyo, ila bei.

Nimefika mahali ambapo ningependa wazee na wakufunzi wasome polepole. Miaka michache iliyopita, katika shule moja ambayo sitaitaja, palikuwa na msichana hodari wa mita 5,000. Aliambiwa na aliyemfundisha kwamba ndege mwepesi ndiye arukaye juu. Akaanza kuacha chakula cha mchana, kisha akaacha mafuta, kisha akawa ananywa uji mwepesi jioni. Miezi miwili ya kwanza alikimbia vizuri sana, na hiyo ndiyo hila ya jambo hili. Hedhi yake ilikoma. Hakumwambia mtu, tena alifurahi kidogo, maana ni usumbufu umeondoka. Mwezi wa nane alisikia maumivu katika mfupa wa muundi, akakimbia nayo wiki tatu, mpaka siku moja hakuweza kushuka ngazi za bweni. Daktari aliona ufa katika mfupa. Msichana yule alikuwa na miaka 17, na hakukimbia tena mashindano ya shule. Nilikuja kuonana naye akiwa amekwisha kuacha, akaniuliza kama mfupa wake ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Haukuwa mbovu.

Hesabu yake ni hii. Toa katika chakula cha siku nguvu zilizotumika katika mazoezi; kinachobaki ndicho mwili unachotumia kujenga mifupa, damu, kinga ya maradhi, na uzazi. Mwaka 2003 ulitolewa uchunguzi wa Marekani juu ya wasichana 29, waliogawiwa mabaki ya viwango mbalimbali kwa siku tano. Yalipopungua chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, homoni zinazoendesha hedhi zilianza kuvurugika, na hiyo ni siku tano tu. Kiasi cha kutosha ni kama 45. Siku hizi wataalamu hawaiiti 30 ukuta ambao ukiuvuka unaanguka papo hapo, kwa kuwa miili hutofautiana, lakini ni alama nzuri ya njiani.

Turudi kwa msichana wetu wa kilo 50. Tuseme kilo 41 ni mwili usio mafuta. Mara 45 ni kalori 1,845. Kukimbia kilomita moja humgharimu mtu karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito, basi kilomita 12 za siku ni kalori 600. Jumla 2,445. Mvulana wa kilo 60, mwenye kilo 55 zisizo mafuta, kwa mwendo ule ule anahitaji 2,475 na 720, jumla 3,195. Gawanya moja kwa nyingine: msichana anahitaji zaidi ya robo tatu ya chakula cha mvulana. Nusu yake ingekuwa kalori kama 1,600, na ukitoa 600 za mbio zimebaki 1,000, yaani kalori 24 kwa kilo. Mwandishi wa barua ya kwanza, bila kukusudia, amependekeza njia ya yule msichana wa mita 5,000. Tena wanetu bado wanakua, na sehemu kubwa ya mfupa wa mtu hujengwa kabla hajatimiza miaka 20.

Wavulana wasidhani wameponyoka. Zamani maradhi haya yalisemwa kuwa ya wanawake peke yao, kwa kuwa hedhi ni kengele inayosikika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipanua jina lake ili liwaingize wanaume pia. Mvulana asiyekula vya kutosha hupungukiwa homoni yake ya kiume na mifupa yake huweza kudhoofika, ila yeye hana kengele. Inaonekana mwili wake hustahimili upungufu zaidi kidogo kabla ya kuvurugika, lakini kustahimili si kupona.

Kwa msichana, basi, sheria ni rahisi: hedhi ikikoma miezi mitatu, au akifika miaka 15 bila kuianza, aende kwa mganga wa hospitali. Amwambie matroni kwanza kama anaona haya kuniambia mimi. Ati kukoma hedhi ni dalili ya mazoezi mazuri? Uongo huo umezeeka, tuuzike.

Sasa madini ya chuma, ambayo kwangu ndiyo tofauti kubwa kuliko zote. Chuma ndicho kiini cha himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni. Msichana wa miaka 14 mpaka 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, mvulana 11. Wakiwa watu wazima pengo hupanuka: mwanamke 18, mwanamume 8. Sababu kubwa ni damu inayotoka kila mwezi. Juu ya hapo mkimbiaji hupoteza kidogo kwa jasho, kwa utumbo, na kwa chembe za damu zinazopasuka nyayo zikigonga ardhi. Nasi tunaishi juu mlimani, ambako hewa ni nyepesi na mwili hutaka kutengeneza damu nyingi zaidi. Faida hiyo ya mlima, ambayo wageni huifuata kutoka mbali, haipatikani bila chuma. Ongeza minyoo ya safura na malaria, mtaona kwa nini msichana fulani huanza msimu akiwa wa kwanza na kuumaliza akiwa wa thelathini, huku watu wakisema amekuwa mvivu.

Mwangalie chai. Wakimbiaji wale wa Kenya waliinywa kwa wingi pamoja na chakula, na kwa mwanamume mwenye haja ya miligramu 8 si neno. Lakini chai huzuia chuma cha maharagwe na mboga kisiingie mwilini. Kikombe kile kile, juu ya meza ile ile, humdhuru mmoja zaidi ya mwenzake. Basi wasichana wanywe chai saa moja au mbili baada ya kula, na kwenye chakula chenyewe wapate kitu chenye vitamini C, mathalan pera, chungwa, nyanya mbichi, au maji ya limau, maana hivyo hukifungulia chuma mlango. Ini na nyama hutoa chuma kinachoingia kwa urahisi zaidi. Tena baada ya mazoezi makali mwili hutoa homoni inayokifungia chuma mlango, nayo hupanda baada ya saa tatu mpaka sita. Kwa hiyo chakula chenye chuma kiliwe mara baada ya mbio za asubuhi, kisingojee mchana. Vidonge vya chuma visimezwe bila kupimwa damu. Chuma kikizidi huharibu ini, na wavulana hasa hawana njia ya kukitoa.

Juu ya maji nitasema kidogo. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu mwisho wa mbio. Asilimia 13 walikutwa na upungufu wa chumvi katika damu: kwa wanawake asilimia 22, kwa wanaume 8. Sababu haikuwa uanamke wenyewe. Waliopatwa ni hasa waliokunywa mno mpaka uzito ukaongezeka, wenye miili midogo, na waliokaa njiani zaidi ya saa nne; wanawake wengi walikuwa katika makundi hayo. Anayekimbia akipewa vikombe vilivyopimiwa mtu mkubwa hufurika. Kunywa ukiwa na kiu, yatosha.

Kuna pia fasheni mpya ya kuwauzia wasichana orodha ya vyakula vya kila wiki ya mwezi, kufuata hedhi. Tofauti zilizoonekana hata sasa katika uwezo wa kukimbia ni ndogo sana, na kila msichana ni wake. Aandike siku zake katika daftari, ajijue. Orodha asinunue.

Basi haya ndiyo niliyoyapeleka kwa halmashauri ya chakula, na waliotoa fedha wana haki ya kuyajua. Posho, wali na ndizi vipimwe kwa uzito wa kila mkimbiaji, awe msichana au mvulana, na anayekimbia kilomita nyingi zaidi aongezewe. Uji wa maziwa na yai vitolewe kwa wote mara watokapo barabarani asubuhi, kabla ya kengele ya darasa, kwa kuwa wasichana wengi huenda darasani na njaa ili wasichelewe kuoga. Fedha za chuma zitumike kwa wasichana kwanza: ini Jumatano na Jumamosi, dagaa siku nyingine mbili, na kupimwa damu mwanzo wa kila muhula. Wavulana watapata ini likibaki. Mpishi mkuu ameniambia kwamba halitabaki, kwa sababu amekwisha kuwaona wasichana wetu wakila baada ya kilomita 14, nami nimemwamini.

Mizani imewekwa katika maabara. Wakimbiaji wote waje kupimwa Alhamisi baada ya masomo, wasichana kwa matroni, wavulana kwangu.